Kichwa Changu Ukutani

Mjukuu wangu Auma,

Huku Umoja hatujambo, na goti la babu yako limepata nafuu. Unauliza kwa nini kocha anakutaka ungoje majini hata ukimaliza wa kwanza.

Miaka ya tisini, timu yetu ya kuogelea ya likizo ya Agosti ilikuwa na sheria hiyohiyo. Siku ya mashindano nilishinda, maana nilikuwa na mbio, sikatai. Nikatoka nishangiliwe. Nyuma yangu rafiki yangu Wambui, ambaye hakuwa akiona mbali, akapotea katikati ya bwawa. Alizoea kulenga kichwa changu ukutani.

Nikaruka tena majini, nikamwita. Akafuata sauti hadi akagusa ukuta.

"We Akinyi, kwani ulienda wapi?"

Medali sijui iko wapi. Swali lake ninalo mpaka leo.

Nyanya yako,
Akinyi