Mama, Wanataka Kuwapanga Watoto Kama Ndagala

Mpendwa mama,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, na wewe unajua nikikasirika siwezi kunyamaza wala kula. Ungekuwa bado hapa Gatete ningekuja nisimame karibu na vichanja vyako vya kuanikia ndagala, nilalamike mpaka uniambie nishike fagio nifanye kazi huku naongea. Sasa hupo, kalamu ndiyo imebaki.

Wametutangaza tena, kwa matokeo ya mwaka jana. Kila baada ya mtihani wa taifa wa darasa la tisa, walimu tunaitwa mkutanoni Rumonge mjini, tunasomewa nani wa kwanza na nani wa mwisho: provinsi kwa provinsi, komini kwa komini, mpaka wafike kwenye shule. Siku hizi mipaka ya provinsi imechorwa upya, nikadhani labda na sisi tutasogea kidogo. Wapi. Shule yangu ilitajwa mwisho kabisa, watu walipokuwa wameshaanza kukusanya mikoba yao. Bwana mmoja wa ofisi ya elimu akatuuliza kwa nini watoto wa ziwani ni wavivu kuliko wa milimani. Aliuliza kwa upole, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

Wavivu, mama. Wewe ulinifundisha kufuata mwezi kabla sijajua kalenda. Mwezi usipokuwepo, mitumbwi inatoka usiku na taa, ndagala zinafuata mwanga, na alfajiri pwani nzima iko kazini: wanawake wanaanika, watoto wanageuza na kufukuza ndege. Mbalamwezi ikija, ndagala hazijali taa tena, wavuvi wanabaki nyumbani, na watoto wanajaa darasani wakiwa wamelala vizuri. Ukija kunitembelea wiki moja utasema nina darasa la watoto wenye akili, ukija wiki nyingine utasema nafundisha wagonjwa. Ni walewale. Lakini wanaopanga tarehe ya mtihani hawaangalii juu.

Mwaka huu wakatuletea mtihani wa majaribio, mmoja kwa nchi nzima. Swali mojawapo liliuliza mvuvi hupumzika lini. Jibu walilotaka ni usiku. Darasa langu karibu lote liliandika kwamba anapumzika mbalamwezi ikiwaka. Karatasi zilisahihishwa huko juu, zikarudi zimejaa wino mwekundu. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu alama hizo ndizo zinazowekwa kando ya alama za watoto wa Bujumbura. Nikampigia simu mhusika wa mtihani huo. Akanieleza kwamba majibu ni yaleyale kwa kila mtoto, na hiyo ndiyo haki. Nikamwuliza ndagala alizokula yeye wiki hiyo zilivuliwa saa ngapi. Simu ikakatika, au aliikata.

Alama hizo zilipofika, direkteri, mkuu wa shule yetu, akatuita. Si mtu mbaya, ila amechoka kusomwa wa mwisho mbele za watu. Akasema mwaka huu kila mwalimu wa darasa la tisa atoe majina ya wasioweza, warudie darasa, ili wasituharibie asilimia. Mimi alikuwa ameshanichagulia wa kwanza. Anaitwa Mwajuma. Bibi yake unamjua, ni yule aliyekuwa anaanika kando yako na kukuibia kivuli. Siku hizi haoni vizuri, kwa hiyo kazi yote ni ya Mwajuma. Anakuja shule na magamba mikononi, anasinzia kwenye Kifaransa, anaamka kwenye hesabu. Ameshawahi kurudia darasa, na bibi ameapa kwamba akirudia tena, shule basi, atabaki ufukweni.

Hapo nilikukumbuka wewe.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumerudi kutoka Tanzania. Nilijua kusoma, lakini kwa Kiswahili. Kifaransa changu kilikuwa salamu tu. Direkteri wa wakati ule akakutumia ujumbe kwamba nisifanye mtihani wa darasa la sita, nitaishusha shule. Ulitoka sokoni na beseni kichwani, hukupita hata nyumbani. Mimi nilikuwa nyuma yako, natamani ardhi ipasuke inimeze. Harufu ya ndagala iliingia ofisini kabla yako. Ukalitua beseni juu ya meza yake, juu ya karatasi zake zote.

"Angalia, Direkteri," ulimwambia. "Kubwa ndiyo naweka hapa juu, wanunuzi wa Bujumbura waone. Ndogo iko chini. Nyanza-Lac pia wanafanya hivyo, kila mutu anajua. Lakini hii ni ndagala. Mutoto hapangwi."

Kisha ukamshukuru kwa murakoze, ukakaa kwenye kiti cha wageni, ukafungua pindo la kikwembe chako, ukatoa muhogo, ukaanza kutafuna. Hukuinuka mpaka akaandika jina langu.

Nilipita kwa kuponea chupuchupu, na wewe ukalitangazia soko zima kwamba nimekuwa wa kwanza. Nilikukanya kwa aibu. Ukanijibu kwamba hukutaja ni wa kwanza wapi, na nyumbani kwetu hakuna mwingine aliyefanya mtihani ule. Nilikununia siku nzima. Leo ningetoa chochote nikusikie ukidanganya hivyo tena.

Basi na mimi nikaenda ofisini. Sikuwa na beseni wala ujasiri wako, lakini nilikaa kwenye kiti cha wageni. Nilimweleza direkteri kuhusu mwezi, kuhusu swali la mvuvi, kuhusu bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa, Madamu, unataka tubaki wa mwisho?"

"Tukibaki wa mwisho, tubaki wote," nikamwambia.

Alijishika kichwa. Halafu akasema jina la Mwajuma litakwenda pamoja na mengine yote, ila lawama zitakuwa zangu, na mtoto akichelewa hata kidogo siku ya mtihani mlango utafungwa. Nikatazama tarehe ya mtihani ukutani. Ilikuwa katikati ya giza, wiki ambayo pwani hailali.

Nikashuka ufukweni kuongea na wanawake. Nilijiandaa kubembeleza, maana najua ndagala zikikosa jua asubuhi zinaoza na nyumba inalala njaa. Kabla sijafika mbali nikakatizwa na Mama Shabani, yule uliyegombana naye maisha yako yote kwa sababu ya kichanja. Akasema za bibi yake Mwajuma ataanika yeye, na za nyumba nyingine zenye watoto wa mtihani watagawana.

Nilimshukuru, nikamwambia sikutegemea. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayechelewa kuelewa.

"Mama yako alisema wewe ulikuwa wa kwanza," akaniambia. "Tulijua anatudanganya, tukashangilia. Sasa huyu naye wacha alale."

Nililia pale pale mbele yao, mama, na hakuna aliyenicheka.

Mtihani ni kesho. Sijui kama Mwajuma atapita. Na bado nimekasirika, usidhani nimepoa. Mama Shabani hawezi kuanika kwa niaba ya pwani nzima kila mwaka ili tulinganishwe sawasawa na watu ambao hawajawahi kugeuza ndagala alfajiri. Tutaitwa tena Rumonge, tutasomwa, na yule bwana mpole atatuuliza swali lake. Safari hii nitamjibu, hata kama nitatetemeka.

Leo mchana nilipita kwa bibi yake. Mwajuma alikuwa amelala mkekani, mikono imeoshwa, sare imekunjwa kando ya kichwa. Bibi akaweka kidole mdomoni nisimwamshe. Nikarudi nyumbani nikakuandikia.

Pumzika, mama, huko hakuna wa kugombea nawe kichanja. Mimi nakesha na wasiwasi wangu. Matokeo yakija mabaya au mazuri, sokoni nitasema amekuwa wa kwanza.

Ni mimi mwanao,
yule wa chini ya beseni