Bodi ya Watu Watatu na Njiwa Mmoja

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, miguu umeinyoosha, na miwani yako ya kusomea haijakaliwa tena na mtu. Mimi ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimepona na sauti imerudi, ingawa majirani wanasema afadhali ingechelewa kidogo. Shemeji hajambo? Goti lake limeelewana na ngazi, au bado analisema vibaya kila asubuhi? Wajukuu wabusu wote, na yule anayekataa kubusiwa mbusu mara mbili.

Ningekupigia simu, lakini simu yako hushinda mikononi mwa wajukuu, na ukiipata wewe unasikia nusu na kujibu ile nusu nyingine. Jambo hili linataka kusomwa polepole. Kabla mwezi huu haujaisha watakuja watu wa mamlaka ya kodi hapo kwenye kiwanda chenu cha sabuni, nao watakuuliza swali moja. Nataka siku hiyo ikufikie ukiwa umeshanisikia mimi kwanza. Nimeifungua shajara yangu nisikosee mfuatano, basi nivumilie. Unajua tangu utoto siwezi kusimulia kitu kuanzia mkiani.

Unafahamu kwamba nafanya kazi mapokezi kwenye ofisi ya mawakili. Ambacho sijawahi kukueleza vizuri ni ukuta ulio nyuma ya meza yangu. Umejaa vibao vidogo vya shaba, kila kibao na jina la kampuni yake. Mgeni akiingia hudhani jengo zima limejaa watu kama siafu. Ukweli ni kwamba kampuni zote hizo zinaishi ndani ya kabati moja la chuma, na anayezipokelea barua ni mimi. Nchi hii haitozi kodi ya maana, kwa hiyo matajiri wa kwingine hulaza kampuni zao hapa, kama mtu anayelaza mbuzi wake kwa jirani ili akija mdai akute zizi tupu.

Mwaka jana serikali ya hapa ilibanwa na serikali nyingine, ikatunga sheria. Kampuni inayodai makazi hapa sharti iongozwe kutoka hapa, na wakurugenzi walio hai, wanaokaa kwenye viti, wanaojadili na kuamua. Wakili wetu mkuu alihitaji wakurugenzi haraka. Huyu ni mama mpole, Kaka, usimwazie vibaya. Nilipofanyiwa upasuaji ndiye aliyekuja hospitali na shuka zake mwenyewe, akanitandikia kitanda kwa mikono yake. Wenye mali hawakutaka kuhamia huku, basi akatuita sisi tuliokuwa karibu: mimi, dereva wetu tunayemwita Breki kwa sababu hazitumii, na mama anayepika chai.

Alitueleza bila kuficha kwamba kazi yenyewe ni kuhudhuria mkutano, kusikiliza simu na kukubali, na kwamba ni halali. Breki aliuliza kama mkurugenzi anaruhusiwa kusinzia. Akajibiwa kwamba anaruhusiwa, mradi asikorome. Mama wa chai alitaka kujua nani atawapikia wakurugenzi chai ikiwa mpishi naye ni mkurugenzi. Tulicheka mpaka wakili mwenyewe akapangusa macho. Nikakubali. Mji huu kila mtu ni mkurugenzi wa kitu fulani. Kinyozi wa hapa chini ana meli mbili ambazo hajaziona hata kwenye picha.

Mikutano ilikwenda hivi: tunakaa watatu kwenye meza ndefu, wakili anaweka simu katikati, na kutoka nchi nyingine kabisa inatoka sauti ya mzee mmoja tuliyempa jina la Bwana Hewa. Anasoma azimio, tunasema tumekubali, mama wa chai anakusanya vikombe. Sikuwahi kuisikia sauti hiyo ikituuliza hata hali.

Sasa nirudi kwako. Barua yako ya mwisho ilinikaa moyoni. Uliniandikia kwamba mwaka huu tena meneja amekuita ofisini akakuonyesha hasara, na wewe, kama mwakilishi wa wafanyakazi, ukasimama mbele ya wenzako kuwaambia mshahara hautaongezwa, nesi ataondoka na zahanati itafungwa. Uliniandikia, eti kama mzaha, kwamba vijana wa kufungasha sasa wanakuita Mzee Hasara, na kwamba mmoja alikuuliza mbele za watu unapewa kiasi gani kwa kila hasara unayoitangaza. Mzaha ulikuwepo, Kaka, lakini mwandiko wako ulikuwa umelala. Wewe ndiye uliyenisomesha kwa mshahara wa hiyo sabuni, ukavaa viatu vilevile mpaka nikamaliza kidato cha nne. Siwezi kusikia unaitwa hivyo nikalala usingizi wa watu.

Tarehe kumi na nne, Jumanne, tulikaa mkutano wa kampuni moja isiyo na mfanyakazi wala mashine, wala hata ufagio. Mali yake yote ni picha moja. Kiwanda fulani cha mbali huilipa kampuni hiyo ada kila mwaka, ili kiruhusiwe kuichapa picha hiyo kwenye karatasi za bidhaa zake. Bwana Hewa akasoma azimio: ada ipandishwe, maana kiwanda kimeuza vizuri mno mwaka huu. Akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeagiza kahawa, kwamba ada ikipanda kiwanda kitaonyesha hasara kama kawaida, na serikali ya kule haitakuwa na faida ya kutoza kodi. Hakuona haja ya kupunguza sauti. Nani anamnong'onea meza?

Nakala ya picha ilikuwa mbele yangu. Ni njiwa, Kaka. Njiwa mweupe, bawa la kushoto kubwa kuliko la kulia.

Habari za bawa hilo nani akusimulie wewe? Umetusimulia mezani mpaka shemeji anamalizia sentensi zako. Fundi wa mabango yuko juu anachora njiwa kwenye ukuta wa kiwanda, wewe kijana mgeni kazini umeshika ngazi, nyuki akakuingia shingoni, ngazi ikacheza, brashi ikateleza. Fundi akakutukana mpaka pumzi ikamwishia, kisha akatazama ukuta akasema basi, huyu ataruka mbali kuliko wenzake. Na kweli ameruka. Amevuka bahari kwa karatasi, akatua kwenye kabati langu, na sasa kiwanda kilichomzaa kinalipa kila mwaka ili kiruhusiwe kumtazama.

Nikauliza njiwa huyo amenunuliwa wapi. Wakili akaniambia kwa upole kwamba hilo halimo kwenye ajenda. Nikasema basi mimi azimio sikubali. Nakuambia, nilisikia sauti yangu nikadhani ni ya mtu mwingine. Breki akafumbua macho, akasema kama dada hakubali naye hakubali, kwa sababu huu ni mwaka wa pili anakaa kwenye kiti hicho na ndiyo kwanza amesikia jambo linaloeleweka. Mama wa chai akauliza kama mtu akikataa bado anaruhusiwa kukusanya vikombe. Alipoambiwa anaruhusiwa, akainua mkono akakataa. Bwana Hewa akaomba arudiwe, hasikii vizuri. Wakili akakata simu.

Hapo ndipo aliponasa. Ikiwa anaifuata kura yetu, ada haipandi. Ikiwa anaipuuza, amekiri mbele ya sheria kwamba bodi ni sanamu na kampuni inaongozwa kutoka kwingine. Alitaka bodi ya kweli, akasahau kwamba ya kweli ina mdomo.

Aliniita ofisini kwake peke yangu. Hakupandisha sauti. Alisema sikuwa nimeulizwa maoni, nilikuwa nimearifiwa. Nikamwambia sheria aliyotusomea yeye mwenyewe inasema mkurugenzi anaamua. Alicheka kama mtu mwenye jino bovu, kisha akaniomba niandike muhtasari unaoonyesha kwamba tulikubali. Ndiyo, aliniomba, hakuniamuru, na hilo ndilo lililokuwa gumu, maana nilizikumbuka zile shuka. Nilimwambia kwamba lolote jingine ningemfanyia. Tuliagana kama watu wanaosubiri basi moja na kila mmoja anakwenda upande wake.

Juma lililofuata wakaja wakaguzi, wawili wa hapa na mmoja wa kwetu, kwa makubaliano mapya ya serikali hizi mbili kupeana taarifa. Huyo wa kwetu ni dada mwembamba, anavuta maneno kama tunavyovuta sisi nyumbani, nusura nimkumbatie. Walikuja kutazama kama wakurugenzi wana pumzi. Breki aliwaambia wanayo, na juzi waliitumia. Wakatuita mmoja mmoja. Nikasema nilichokiona na nilichokisikia, sikuongeza chumvi.

Tangu siku hiyo mapokezi amekaa binti mwingine. Wakili aliniandikia barua ya kuachishwa kazi, akanisindikiza mwenyewe hadi mlangoni. Ila kwenye ukurugenzi hawezi kunigusa wakaguzi wakiwa wanatazama. Kwa hiyo sasa hivi sina kazi, lakini nina kampuni. Usihangaike kuhusu mimi; mama wa chai ana dada yake mwenye duka la vitambaa, nami naanza huko Jumatatu.

Sasa niseme lililonifanya nichane karatasi na kuanza upya mara kadhaa. Yule dada mkaguzi aliniambia karatasi za kampuni zinadai njiwa alichorwa huku, na kwamba kinyume chake ni neno langu tu, tena la kusimuliwa. Akauliza kama yuko mtu yeyote aliye hai aliyemwona akichorwa. Fundi wa mabango ulishamzika wewe. Nikalitaja jina lako. Sikukuomba ruhusa kwanza, kwa sababu nilijua ukipata siku moja ya kufikiri ungefikiria watu wote isipokuwa wewe.

Najua nimekuweka wapi. Huyo meneja alilibeba jeneza la mama pamoja nawe. Huenda na yeye anapokea hesabu zilizokwisha kupikwa, huenda sivyo, hilo sijui. Nilimuuliza yule dada kama wenye kiwanda wanaweza kukasirika wakakifunga. Alisema hawezi kuniapia, ila kiwanda kinachouza vizuri hakifungwi kwa hasira. Nimeyageuza maneno yake kila upande na bado sijui yana uzito gani. Ukiniambia nimekuharibia uzee wako, nitapokea, sitabishana.

Lakini hujawahi kuwadanganya wenzako hata siku moja. Uliwapelekea ulichopewa, na ulichopewa kilikuwa kimeandaliwa kwenye meza niliyokuwa nimekaa mimi. Uvumilivu uliowaomba ulikuwa unasafirishwa huku. Zahanati ile haikufa kwa umaskini.

Sikuelekezi useme nini. Ukimwambia yule dada kwamba zamani ni zamani na hukumbuki, nitaelewa, na hutasikia nikilitaja tena. Utabaki kaka yangu na baba yangu, na mlango wangu ni wako. Ila ukiona unakumbuka, usimkumbukie ofisini kwa meneja mlango ukiwa umefungwa. Mwambie mkaguzi atoke nawe nje, hadi ukutani pale. Mwonyeshe uliposhika ngazi. Na vijana wa kufungasha waache wasogee wasikie.

Msalimie sana shemeji, na usimfiche barua hii. Mpe asome, yeye hufikiri vizuri kuliko sisi wawili. Salamu kwa majirani wa ng'ambo ya barabara na kwa yeyote aniulizaye kwa wema. Nijibu hata kama umekasirika, hasa kama umekasirika. Mungu akulinde na akupe sauti.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba