Tangu Aanze Kushukuru

Jumapili, 2 Machi

Mchungaji katuagiza leo: kila nyumba ishukuru mezani, tena kwa vitu vya kweli, si maneno ya jumla. Nikajua mume wangu hataweza. Huyu mtu chumvi ikizidi hununa hadi kesho yake! Lakini jioni kafumba macho, kamshukuru Mungu kwa unjano wa kiini cha yai. Watoto wakacheka. Mimi sikucheka. Ana lake jambo.

Jumanne, 4 Machi

Bado anaendelea. Jana kashukuru kwa kitambaa changu chekundu. Leo asubuhi kwa mwanya wangu. Mwanya! Tangu tuoane hajawahi kuutaja. Ananitazama nikila, nikishona, hata nikipiga mswaki. Nimemwuliza, baba watoto, unataka nini? Eti hataki kitu, ana furaha tu. Furaha gani hiyo ya ghafla?

Wifi kapita kuchukua sketi yake, nikamdokeza. Akasema anamjua kaka yake, hasifii bure. Mwanamume akianza kusifu jiko la kwake, ujue ametoka kuonja la mwingine. Kisha akacheka hadi akakaa. Kwake rahisi, si mume wake.

Ijumaa, 7 Machi

Nimenusa shati lake kabla ya kulifua. Rangi za kuta na tapentaini ya kuoshea brashi, basi. Simu yake iko wazi, haina hata neno la siri. Hakuna kitu— na hapo ndipo ninapozidi kuogopa. Mjanja huyu.

Mchana kaja fundi rangi mwenzake, kakunja uso. Ukuta wa mteja umetoka rangi mbili, nusu krimu, nusu kama kijani. Eti aliyechanganya ni mume wangu, na si kawaida yake. Eti siku hizi mawazo yake hayapo kazini. Hayapo kazini, yako kwa nani?

Jioni nimemwuliza. Akasema taa ya pale hafifu. Kisha akashukuru kwa kikombe cha bluu. Nilitamani kukipasua.

Jumapili, 9 Machi

Kaimba ibada nzima mashavu yamelowa. Tulipotoka akanishika mkono hadi barabarani, mbele za watu! Akina mama wa kwaya walitutazama kwa husuda. Nikajivuna kidogo, halafu nikajikasirikia. Mtu ambaye hata siku ya harusi alitembea mbele yangu! Kwenye ngazi za kanisa alinibana vidole mpaka vikauma.

Nimeomba kimya: Bwana, kama ana mwingine, nionyeshe. Ila usinionyeshe mbele ya wifi.

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi mapema, mteja sikumkuta. Kabla sijaingia namsikia mume wangu kwenye chumba cha kushonea, sauti laini, ile ya kubembeleza. Nikavua viatu. Leo nimekushika!

Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na sanamu yangu ya kuvalisha nguo, pale dirishani, imevaa gauni langu la kijani ninalolipunguza kiuno. Alisimama karibu nayo kabisa. Akaiambia, mama watoto, gauni hili limekukaa. Namshukuru Mungu nimekuona nalo. Akaingoja ijibu. Akauliza, mbona kimya, umenikasirikia?

Haoni. Mume wangu haoni! Ukuta ule, ngazi zile, kunikodolea macho kutwa kama anayefunga mizigo ya safari— yote ni hilo. Anashukuru kwa kila anachokiona kabla hakijamtoka. Nami nilikuwa nanusa mashati. Nimeogopa kuliko ambavyo ningeogopa kumkuta na mtu.

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikanyata, nikapita nyuma ya meza ya kukatia, nikasimama nyuma ya sanamu.

“Sijakasirika, baba watoto,” nikamjibu. “Asante.”

Akatabasamu, akapapasa mlango, akaenda zake.

Sasa chakula kiko mezani. Ananiita. Anasema leo ni zamu yangu kushukuru, na watoto wameshafumba macho.