Baba Neema Anaitwa Nani?

Ijumaa jioni, mtaa wa Sharpstown, hapa Houston. Joto la kunata, mawingu yamejaa na mvua haitaki kushuka. Nimekaa kwenye gari nje ya kwangu, bado nimevaa sare ya kazi, na sina hamu ya kuingia ndani.

Leo ni wiki ya tatu tangu baa ya Mama Aline ifungwe. Jengo limeuzwa, aliyenunua anataka kuweka duka la matairi. Jamani, ile baa! Mtu akifika Houston hata begi hajafungua, analetwa pale. Kazi tulipatia pale, misiba tulipangia pale. Mwanangu Jojo alipobatizwa tulikula pilau pale, kati ya kreti za bia, na mchungaji akajifanya hazioni. Siku ya kufunga nililia, kisha nikajiambia niache ujinga, ni baa tu.

Kumbe si baa tu.

Kinachonitesa ni Baba Neema, mzee wetu wa meza ya kona. Ni mtu wa Bukavu, anaishi peke yake na kisukari chake. Kila Jumamosi saa kumi yuko pale, mguu mmoja juu ya stuli, anabishana mpira. Mwaka jana sukari ilimshuka akaanguka palepale. Aliponea kwa sababu alikuwa katikati ya watu.

Tangu baa ifungwe hakuna aliyemwona. Nimeuliza kanisani, nimeuliza kwenye kundi la simu, kila mmoja alidhani mwenzake anajua anapoishi. Nikampigia Mama Aline, ambaye amehamia kwa dada yake Fort Worth.

"Mama Jojo, miye sina namba yake," akaniambia. "Alikuwa anakuya tu."

Namba ya nini, wakati Jumamosi mtaonana? Ndivyo tulivyoishi sote.

Leo nimetoka kazini moja kwa moja hadi kwenye fleti nilikowahi kumshusha siku moja ya mvua. Geti nalikumbuka, mlango sikuuona. Dada wa ofisi ya fleti hizo akaniuliza jina la mpangaji. Nikasema Baba Neema. Akatafuta, hakuna. Akataka jina kamili, nami nikaanza kumwelezea sura yake.

Miaka kumi na moja nimekula na yule mzee sahani moja, nimempima sukari kwa mikono yangu, na jina lake silijui. Huyo Neema mwenyewe hatujawahi kumwona. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Niligonga milango sita kabla mlinzi hajanitoa. Kazi yangu ni kutunza wazee, najua mtu anaweza kulala sakafuni siku ngapi bila kujulikana.

Kesho saa kumi nitabeba kiti cha kukunja na mashine ya sukari, nikakae mbele ya ule mlango wa baa uliofungwa. Wakinifukuza nitahamia ukingoni mwa barabara. Huenda naye anatutafuta.

Halafu nikifikiria hilo, naogopa zaidi. Kama ananitafuta, ataingia ofisi ya fleti zetu na kumuulizia Mama Jojo.

Watamwambia hapa hakuna mtu wa jina hilo.