Chenji ya Samaki

Mama Vero,

Deni limeisha. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula. Nililipa shilingi ya mwisho mwezi wa tatu, wale wa ofisi ya mikopo wakanipa karatasi yenye muhuri. Nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni nikaiweka kabatini, chini ya vitenge vyako, ambavyo Vero hataki mtu aviguse.

Unakumbuka tulivyokuwa tunasema pale wodini, kwamba hili likiisha tutapumua? Nimepumua, mke wangu. Siku mbili. Siku ya tatu nikagundua kuwa sina deni na sina hela.

Maana kilicholipa deni ni bajaji. Niliiuza kwa mzee mmoja mwenye duka la bati na misumari, na alipomaliza kunihesabia akaniuliza kama namfahamu dereva mwaminifu. Nikamwambia namfahamu, ni mimi. Kwa hiyo naendesha bajaji yangu mwenyewe kama kibarua. Kila jioni napeleka hesabu elfu kumi na tano, mvua inyeshe isinyeshe, na mafuta ni juu yangu. Siku nzuri nabaki na elfu nane. Siku nyingine elfu tatu, narudi nyumbani kwa miguu huku namtukana kila abiria aliyeniomba nimpunguzie. Yale maneno uliyochagua tukaandika nyuma ya bajaji ameyafuta. Ameandika jina la mjukuu wake. Siku ya kwanza nilishindwa kuizunguka nyuma, nikapakia abiria bila kuangalia.

Wewe unanijua. Miaka yote ile nilikuwa naweka elfu kumi kando ya chupa ya chai asubuhi, natoka nikijiona waziri wa fedha. Zinakwendaje, zinatosha vipi, hayo hayakuwa yangu. Ukisema haikutosha nilikuwa nanuna. Sasa naweka elfu tano, sita ikiwa Mungu amependa, halafu mwenye kuiweka na mwenye kuipangia ni mtu mmoja, na hakuna wa kumnunia.

Nikakaa na Vero mezani, akafungua kurasa za nyuma za daftari lake la jiografia, tukaanza kukata. Nikuambie ukweli, nilianza kukata vya wengine. Nikakata mkate wa Vero, nikakata maziwa, nikakata nyama ya Jumapili. Yule mtoto anaandika tu. Alipomaliza akageuza daftari akaniuliza kwa adabu kabisa, "Na bia ya baba tuiandike wapi?" Ni macho yako yale, Mama Vero, nilitaka kumfukuza mezani. Bia ikakatwa. King'amuzi kikakatwa. Na mikeka ya kubeti mpira, ambayo nilikuwa naamini huijui, ikakatwa pia, kwa sababu Vero aliijua na alisema alikusikia wewe ukiilalamikia. Mkate ukarudi.

Sasa nikueleze kilichonifanya nikuandikie, maana barua ya kukusimulia bajeti tu ungeisoma ukapiga miayo.

Wakati wa deni samaki hatukuwagusa. Ilikuwa maharage na mlenda, mlenda na maharage. Deni lilipoisha nikataka kumfurahisha mtoto, Jumamosi moja nikaingia sokoni mwenyewe. Mimi dereva, najua bei ya petroli na bei ya tairi. Bei ya samaki niliijua kwako. Nikaenda kwa Mama Zainabu, yule yule uliyekuwa hununui kwa mwingine, nikamwambia nipe fungu moja la perege, nikamwekea elfu tano mkononi. Akanirudishia elfu mbili.

Nikamwambia amekosea. Akasema hajakosea, fungu ni elfu tatu, na miaka yote iliyopita halikuwahi kuzidi hapo. Nikasimama. Kichwani nakusikia wewe jikoni unasema, "Baba Vero, samaki wamepanda, sasa ni elfu tano." Mara mbili kwa wiki, mara tatu, nami naongeza juu ya ile elfu kumi huku nimenuna. Miaka mingapi?

Nilikasirika, sitakuficha. Nilimkasirikia mtu aliye kaburini, hadharani, mbele ya meza ya samaki. Nikasema maneno. Nikasema kumbe nilikuwa nimeoa mwizi. Niliyasema, na nimeshayapeleka kwa padri, na sasa nayaleta kwako. Nisamehe.

Mama Zainabu aliniacha nimalize. Halafu akafuta mikono kwenye kanga yake akaniambia, "Baba Vero, hiyo chenji alikuwa haondoki nayo. Alikuwa ananiachia mimi." Na kila mwisho wa mwezi, akienda kijijini kwetu Mofu kufuata samaki, alikuwa anampelekea mama yangu. Elfu ishirini. Anamwambia, hizi ni za mwanao.

Za mwanao! Mimi!

Nilikwenda kukaa ndani ya bajaji. Abiria akaja akaingia, nikamwambia ashuke.

Nilikumbuka siku ile uliponiambia tuwe tunamtumia mama chochote. Nilikujibu nini? Nilisema mama ana mpunga, ana bata, ana mto mlangoni, atataka hela za nini. Ulisema, "Sabuni haioti shambani." Nikacheka nikawasha bajaji nikaondoka. Hukurudia tena kuniambia. Nilidhani nimekushinda kwa hoja.

Na mama naye, wewe unajua alivyokuwa anakusema. Alikuja ile Krismasi akakuona unapima sukari kwa kijiko, akarudi Mofu akatangaza kuwa mke wa mwanangu anapima hata chumvi. Mchoyo, ndilo jina alilokupa. Ulilisikia, maana alilisema kabla hajaondoka, wewe ukiwa mlango wa jikoni. Nilingoja ugombe. Ukamfungia mkate wa njiani. Na mimi kijijini nasifiwa, mtoto anayemkumbuka mama yake, nikifika wazee wananisimamia kunisalimia, na mimi napokea! Nilidhani ni kwa sababu ya bajaji.

Nilimuuliza Mama Zainabu mama alisema nini hela zilipokatika. Akasema ulizituma hadi mwezi ule uliolazwa. Baada ya hapo mama aliuliza mara moja tu, akaambiwa mwanao ana deni la hospitali. Akasema, "Basi mwacheni, msimkumbushe." Miezi kumi na minne. Nilikuwa nimekwenda kumwona mara mbili katikati hapo, akaniwekea chakula, akanipa na bata.

Sasa sikiliza kosa nililotaka kufanya, ujue bado ni mimi yule yule. Nikapiga hesabu, miezi kumi na minne mara elfu ishirini, laki mbili na themanini. Nikaona aibu hii siwezi kuilipa kidogo kidogo, lazima niitue yote mara moja. Yule dada wa mikopo alikuwa ameshanipigia simu, ananiita mteja mzuri, anasema kwa vile nimemaliza salama sasa naruhusiwa kuchukua kikubwa zaidi. Nikaenda. Nikakaa kwenye benchi lile lile. Akaniletea fomu ile ile. Nikajaza jina, nikajaza mtaa, nikafika pale panaposema mwenza asaini.

Mara ya mwisho ulisaini wewe, umelala, sindano ya dripu mkononi, nimekushikia fomu juu ya sahani ya chakula. Herufi zilikwenda zikiteremka. Ukaniambia, "Ukishalimaliza deni hili, usirudi huko." Mimi nikakujibu ndiyo, ndiyo, kwa haraka, nesi alikuwa anatusubiri.

Nikamwambia yule dada mwenza hayupo. Akasema basi nilete cheti cha kifo. Nikasema sina maana hiyo. Nikamrudishia kalamu yake nikatoka.

Jioni nikamweleza Vero kila kitu. Alilia, halafu akaleta daftari. Mtoto wako hana masihara na daftari lile. Akasema laki mbili na themanini hatuna na hatutakuwa nayo, tuandike tunachoweza kila mwezi. Tukazunguka pale muda mrefu. Tukapata elfu kumi. Inatoka kwenye bia na king'amuzi, na siku mbili kwa wiki nakula kiporo nyumbani badala ya chipsi kijiweni. Wenzangu kijiweni wananitania kwamba nimeokoka. Na samaki tunanunua mara moja kwa wiki, kwa bei ya kweli. Vero ananiletea chenji yote, hadi hamsini ya sarafu. Hilo hakulirithi kwako.

Likabaki moja. Hela ningeweza kuanza kuzituma kimyakimya na mama asijue kitu. Angesema mwanangu ameinuka tena, na mimi ningeendelea kuwa mtoto mwema wa Mofu. Nililitamani, Mama Vero. Hela nimepoteza, bajaji nimepoteza, nikajiuliza kwa nini nipoteze na ile sifa niliyobaki nayo. Nililala nalo wiki mbili. Kilichonishinda ni lile neno, mchoyo. Bado lilikuwa linatembea kule kijijini na wewe huna mdomo wa kulijibu.

Mwezi uliopita nikaomba ruhusa kwa bosi, nikapanda gari la Mlimba, nikamalizia kwa bodaboda. Mavuno yameanza, mashamba yamekauka maji, watu wako kwenye mpunga hadi wazee. Nikamkuta mama uani anapepeta. Nikampa shikamoo, nikakaa kwenye kigoda, nikamwekea elfu kumi kwenye mkeka. Akaitazama akasema, "Afadhali, mwanangu umesimama tena." Nilikuwa nimepanga maneno tangu naondoka Ifakara, yote yakanikimbia. Nikasema tu, mama, zile za zamani hazikuwa zangu. Zilikuwa za Mama Vero. Mimi nilikataa.

Akaendelea kupepeta. Nilidhani hakusikia. Halafu ungo ukasimama.

Akaniuliza, "Alikuwa anazitoa wapi, naye alikuwa hana kazi?"

Nikamwambia, "Kwenye samaki, mama. Alikuwa ananidanganya bei."

Alicheka! Mama yangu alicheka hadi ungo ukamtoka, mchele ukamwagika, bata wakaja. Alicheka akiniangalia mimi, mwanawe, niliyelanguliwa na mke wangu miaka yote. Nikacheka na mimi. Kisha nikaona mabega yake bado yanatikisika na kicheko kimekwisha. Alijifunika uso kwa ncha ya kanga. Sijawahi kumwona mama yangu akilia hivyo, hata msibani kwako alilia kwa kiasi.

Alipotulia alisema, "Nilimtangaza kijiji kizima." Akasema tena, "Na alinifungia mkate."

Halafu akasimama, akaita jirani zake wawili waliokuwa wanapiga mpunga upande wa pili, akawaeleza pale pale, mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu na sifa zangu zinavuliwa moja moja. Hakuniachia hata moja. Lakini miaka yote hiyo alikuwa akikuita mke wa fulani, au huyo mwanamke. Siku ile, akikutaja wewe, aliwaambia, "Mwanangu alikuwa ananilisha, na mimi namsema."

Anataka kuja kaburini. Anasema ana maneno yake na wewe na hataki niyasikie. Akimaliza mpunga nitamfuata, nauli yake tayari iko kwenye daftari la Vero. Nitamfikisha, kisha nitakwenda kusimama kule kwenye uzio.

Pumzika, Mama Vero. Kule kwenye benchi sirudi, safari hii nakujibu taratibu na hakuna nesi anayetusubiri. Elfu kumi itakwenda kila mwisho wa mwezi, nusu ya yako, ndiyo niliyo nayo. Nimeshampa Mama Zainabu ya mwezi huu. Nikamwambia akifika asiseme ni za mwanao. Aseme zimetoka kwa Mama Vero.

Mumeo,
Baba Vero