Chumvi kwenye Dari ya Mkunga

Mdogo wangu mpenzi, Chiriku,

Pokea salamu zangu, kwanza zile za nyumba nzima, halafu zako peke yako. Natumaini zinakukuta umekaa vizuri, goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi, na shemeji amepona kile kikohozi chake cha ukaidi. Wajukuu hawajambo? Yule aliyekuwa akiogopa jogoo ameshakua, au bado anakimbilia chini ya meza? Mimi nashukuru. Nakula, nalala, na nina habari nyingi, kwa hiyo vuta kiti.

Najua umenikasirikia. Barua yangu ya mwisho uliiita fupi kama tangazo la msiba, na maandishi yake makubwa kama ya kibao cha duka. Ukasema pia kwamba uliniuliza habari za jino langu, nami nikakujibu kuwa mvua zimekuwa nzuri. Yote ni kweli. Hii ya leo ni ndefu, na mwandiko wake ni mzuri kuliko ule uliouzoea. Usishangae bado. Nitafika huko.

Unalikumbuka tangi la samaki la marehemu wifi yako. Hapa tunapoishi bahari iko mbali, hivyo akawa anaikoroga mwenyewe: maji kwenye ndoo, chumvi ya mfuko, mwiko mrefu wa mti. Alipofariki aliniachia tangi lile, matumbawe laini yanayopepea kama nguo kambani, na samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Alimwita Karani, kwa sababu asubuhi nzima hupanda na kushuka kwenye kioo kama mtu anayekagua nani amefika kazini na nani amechelewa. Wengine huachiwa mashamba. Mimi niliachiwa karani, na sikutaka afe mikononi mwangu.

Tangi la maji ya bahari lina kanuni moja ambayo wifi yako alinifundisha kabla ya nyingine zote. Maji hupaa hewani, chumvi haipai. Kwa hiyo kila siku unaongeza maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kufidia yaliyopaa, basi. Binti yako, yaani mwanangu, kwa kunionea huruma na ndoo, alininunulia mashine ndogo ya kuifanya kazi hiyo. Ina boya kama lile la tangi la choo. Maji yakishuka chini ya mstari, boya linashuka nayo, na pampu inavuta maji baridi kutoka kwenye pipa lililo pembeni mpaka mstari urudi mahali pake.

Lakini pamoja na mashine alinipa onyo. Wakati fulani mpira wa kichujio ulichomoka ukalowesha zulia lote, naye akaniambia kwamba bahari hii ikimwagika tena ndani ya nyumba, baba unafunga mizigo, unahamia kwangu. Alisema kwa upendo na alimaanisha. Nyumba yake ni nzuri, mume wake ni mtu wa heshima. Ila huko mimi ni mgeni: nikiweka kikombe mezani, nikigeuka kimeshaoshwa. Wewe huhitaji maelezo marefu. Tuliondoka nyumbani siku moja, wewe ukashika njia yako na mimi yangu, kila mtu na kile ambacho mikono yake iliweza kubeba. Nimeshahama kwa kufukuzwa. Sikutaka kuhama tena, hata kwa kupendwa.

Basi kila asubuhi nilikuwa napitisha kidole kwenye kioo, nakuta maji yako palepale kwenye mstari, moyo unatulia. Hata hivyo Karani alianza kuchoka. Alikagua nusu ya kioo, akapumzika pembeni. Matumbawe yakajikunja kama ngumi. Nikasema ni uzee. Samaki naye huzeeka, nani kamwambia asizeeke.

Kumbe kwenye kona ya chini, upande wa ukutani, gundi ya kioo ilikuwa imeachia. Maji yalitoka kidogo kidogo, hata si ya kuitwa mchirizi. Meza ya mbao ikayanywa, ikashiba, ikayapeleka sakafuni, na mbao za sakafu zikayapeleka zilikojua zenyewe. Na kila kijiko cha maji ya chumvi kilipotoka, ile mashine iliongeza kijiko cha maji baridi. Haikuharibika hata siku moja. Ilifanya kazi kwa uaminifu mno, na uaminifu huo ndio ulionificha ukweli. Ukitazama kwa nje, tangi limejaa na limetulia. Ndani, bahari ilikuwa inageuka mto.

Sasa nikujulishe kwa Mkunga. Ni mama mstaafu anayekaa chini yangu, amezalisha nusu ya mtaa huu, na wote bado anawaita kwa majina ya utotoni hata kama wameota mvi. Kwa miaka mingi ujirani wetu ulikuwa wa malalamiko. Pampu zangu zikinguruma, yeye alikuwa anagonga dari yake kwa mpini wa fagio. Tukikutana kwenye ngazi ananiuliza bahari imelalaje, nami namjibu ingelala vizuri kama isingekuwa na mtu wa kuibishia hodi. Aliniita Bwana Koma, tangu siku nilipoisahihisha koma kwenye tangazo alilobandika mlangoni kwake. Mtu aliyekaa kwenye kiwanda cha uchapaji maisha yake yote akisoma makosa ya wenzake hawezi kupita tu.

Mkunga aliona doa la maji kwenye dari ya jiko lake. Akamwita fundi bomba, ambaye alichimba ukuta, akafunga koki, akatamka kwamba mama, mabomba ya zamani ndivyo yalivyo, akaondoka na ngazi yake. Doa likaendelea kutanuka. Asubuhi moja, akiwa anamenya vitunguu, tone likamwangukia mdomoni. Akalionja. Dakika hiyohiyo akapanda kwangu na kisu bado mkononi, na nilipofungua mlango hakunisalimu. Alisema, Bwana Koma, chupa imepasuka huku juu, na maji yana chumvi.

Nilibisha. Nilimwambia haiwezekani, maji yako kwenye mstari, aje ashike mwenyewe. Hakushika kioo. Alipiga magoti, akapitisha mkono chini ya meza, ukatoka na maji. Akaniuliza kama huko kwenye vitabu vyangu hii inaitwa ukavu.

Hapo nikaelewa kila kitu kwa mpigo. Aliniuliza tunaanza wapi, kwa sauti ambayo nadhani wanawake wengi wameisikia wakiwa katika hali mbaya kuliko yangu. Nikamwambia tuchomoe ile mashine kwanza, tuzime pampu, tuyavute maji kwa mpira. Kwa kuwekea samaki alileta beseni lake la kuogeshea watoto wachanga. Nikamhoji kama halijawahi kuguswa na sabuni, kwa kuwa sabuni ni sumu kwa samaki. Akajibu kwamba limesuuzwa kuliko dhamiri yangu, na limepokea watu muhimu kuliko huyu wangu. Karani akaingia humo pamoja na matumbawe, akalala ubavu.

Ilibidi tupime chumvi. Kipimo chenyewe ni kijibomba: unaweka tone la maji kwenye kioo chake, unachungulia kuelekea kwenye mwanga, unasoma namba. Mikono yangu ilikuwa imelowa, kwa hiyo alisoma yeye. Aliposema namba nikakaa kitini. Chumvi iliyobaki ilikuwa nusu ya inayotakiwa.

Hamu yangu ilikuwa kumimina chumvi papo hapo, nimrudishie Karani bahari yake. Lakini wifi yako alinionya zamani kwamba samaki aliyezoea maji mepesi ukimrudisha ghafla kwenye mazito, unamuua. Nilipomweleza Mkunga, akasema hilo halihitaji somo, ndiyo ilivyo kwa mtoto aliyezaliwa dhaifu: humshindilii maziwa ili majirani waone amenenepa. Tukawa tunaongeza kikombe kimoja cha maji ya chumvi, tunasubiri, kesho yake kingine. Mpira wa pampu ya hewa ulikuwa unaruka nje ya beseni kila mara, akaufunga kwenye mpini wa fagio. Ndiyo, fagio lilelile. Nilitaka kusema neno, akaguna, nikalimeza.

(Nimekatizwa kidogo hapa. Naendelea.)

Binti yako alikuja tukiwa katikati ya hayo, akakuta tangi tupu, sakafu imevimba, ndoo kila mahali. Hakufoka. Aliweka mkoba chini, akaanza kukausha sakafu, na mimi nikajua mizigo yangu imeshafungwa kichwani mwake. Mkunga ndiye aliyesema. Alimuuliza analia nini. Binti akajibu kwamba halii, ila baba ameharibu nyumba ya mtu. Mkunga akasema, mwanangu, dari ni yangu, aliyelowa ni mimi, na mimi sijalalamika. Wewe unalalamika kwa niaba ya nani? Binti akacheka bila kutaka. Akasema basi, tutazungumza Jumapili.

Sasa, Chiriku, nafika mahali ambapo kalamu ingesita, kama ingekuwa mkononi mwangu. Haimo. Anayeandika barua hii ni Mkunga. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza yake nasema, yeye anaandika, na pale nilipokatizwa alikuwa anagomea habari za fagio.

Sioni, mdogo wangu. Ulianza ukungu kwenye jicho moja, ukahamia la pili, mpaka mistari ya vitabu ikawa ni michirizi tu. Nilijifunza ujanja. Nilijua ngazi kwa hesabu, maji ya tangi kwa kidole, Karani kwa doa la rangi ya chungwa na matumbawe kwa kivuli. Barua zako mbili za kabla ya hasira zako nilizijibu kwa kubahatisha, na ndiyo maana jino likajibiwa na mvua. Ile ya kunigombeza alinisomea Mkunga, na sikuwahi kugombezwa nikafurahi kiasi kile. Nilikuambia mikono yangu ilikuwa imelowa, asome yeye namba. Ililowa kweli, lakini kabla ya hapo nilikuwa nimeshachungulia kile kipimo nikiwa nimekielekeza ukutani badala ya dirishani. Alikichukua mkononi mwangu taratibu, akasoma namba, hakuniuliza kitu kuhusu macho. Mkunga kunyamaza ni jambo la kuogopesha.

Alininyamazia hata mbele ya binti. Lakini binti alipoondoka, alifunga mlango akaniambia kwamba leo amenistiri, kesho hanistiri. Alisema, mimi si ile mashine yako, sitaongeza maji ili watoto waone mstari haujashuka. Ama mwambie wewe, ama nitamwambia mimi, na mimi sijui kusema kwa kuzunguka.

Jumapili nikasema. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Hata vitabu vya kubeba nilikuwa nimeshavichagua kwa kuvipapasa. Binti yako alinishika uso kwa mikono miwili, akaniangalia machoni kwa muda, akalia. Halafu akaniuliza kama ndiyo sababu nililisifu gauni lake la bluu wakati lilikuwa la kijani. Tukacheka wote watatu. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na anatolewa; tunaanza na la kulia wiki ijayo. Mkunga anasema amepokea watoto wa kila aina, ila huyu anawaachia wenzake.

Na sihami. Binti amelikubali hilo kwa masharti ya Mkunga, ambayo ni magumu kuliko yake. Fundi wa vioo amekwangua gundi yote ya zamani, ameweka mpya, akatukataza kuligusa tangi mpaka harufu yake ya siki iishe. Sasa limekaa chini, jikoni kwa Mkunga, kwenye sakafu ya saruji. Ile mashine ipo, ila kila asubuhi yeye anapima chumvi na kunisomea namba kwa sauti, ndipo inaruhusiwa kuwashwa. Mimi nashuka kumlisha Karani, nasomewa gazeti, napanda nikichoka. Matumbawe yamefunguka. Karani amerudi kazini na sasa anakagua mapishi.

Nikiwa nimekaa pale nasikiliza pampu zikinguruma, nashukuru kwa mpangilio wa ajabu. Nashukuru gundi ilichoka. Nashukuru sakafu haikujua kutunza siri. Namshukuru binti ambaye hakunibeba, na wewe uliyekasirika badala ya kunizoea. Zaidi ya wote namshukuru mtu aliyelionja tone lile badala ya kulifuta tu. Amekataa kuandika sentensi hiyo mpaka nimeirudia mara mbili.

Najua unachowaza. Acha kuwaza.

Msalimie shemeji, na watoto, na watoto wao, na yule wa jogoo mwambie babu naye alikuwa amejificha chini ya meza, ametoka. Goti lisiachwe bila kukandwa. Niandikie marefu, nina msomaji. Sahihi hii nimeiweka kwa mkono wangu. Imepinda, lakini ni yangu.

Kaka yako akupendaye,
Bwana Koma

Dada, mimi ndiye mwenye kalamu. Nimeandika yote kama alivyosema, hata pale aliponisingizia, na koma nimeziweka kila alipotaka. Hilo doa kwenye sahihi yake usilihofie. Si maji ya tangi. Tangi halivuji.