Sura ya Waya wa Kuanikia Nguo

Jumatatu, 4 Machi
Chai, kisha sura ya saba. Swichi na soketi. Nimefuta mara mbili. Nafundisha umeme chuoni, lakini kitabu changu cha umeme wa majumbani kinanishinda: niweke nini, niache nini? Mhariri anataka nyumba zinazowashwa taa kwa simu. Hapa Tabata, nyumba ya nani hiyo?

Jumatano, 6 Machi
Nimempelekea mhariri sura mpya. Waya wa kuanikia nguo. Nyumba za kupanga wanaufunga kwenye bati. Kebo ikichubuka darini, bati linashika umeme, na waya nao. Nimeeleza kupima na kurekebisha. Kacheka. "Mwalimu, huo si ufundi, hiyo ni habari ya kufua. Itoe." Nimetoka ofisini kwake Kinondoni kwa hasira.

Alhamisi, 7 Machi
Hasira haijaisha. Hapa kwetu waya unapiga shoti tangu mvua zianze. Nilitaka kupanda darini mwenyewe. Mwenye nyumba kakataa, eti mpangaji hagusi dari lake. "Vaeni kandambili," anasema. Na tunavaa! Kuna jozi mlango wa uani, ya kuanikia tu. Hatari imekuwa adabu ya nyumba.

Jumamosi, 9 Machi
Mama Zuhura wa chumba cha pili kaanika peku. Umeme umemnasa. Nilikimbia kuzima swichi kuu, ndipo tukamshika. Yu hai. Kiganja kimeungua.

Na watu, jamani! "Kwani kandambili hukuziona, dada?" Kumbe mkosaji ni yeye! Mwenye nyumba naye akaitikia. Nimemfokea mzee wa watu, hata shikamoo sikumpa. Sijutii.

Jioni nimempigia mhariri. Sura ile iingie, au anirudishie kitabu. "Basi chukua kitabu chako." Miaka yote ile ya kazi. Nimelia.

Jumapili, 10 Machi
Mvua kidogo. Mwenye nyumba katuma ufunguo wa dari, mwenyewe hakuja. Msumari wa bati ulikuwa umetoboa kebo. Nimebadilisha kipande.

Sina mchapishaji. Sura ile nimeipandisha, sasa ndiyo ya kwanza. Mama Zuhura kaomba nimsomee, mkono wake umefungwa bandeji. Nimesoma polepole. Nilipofika pa kuzima swichi kuu kabla ya kumgusa aliyenaswa, akanisimamisha.

"Hapo rudia, mwalimu."

Nikarudia.